Kulisha bakteria wa tumbo kwa chakula cha Bukavu: mwongozo wa wiki nne

Magome ya kinkina yanayolimwa kwenye milima ya Kivu, mashariki mwa Kongo, yana kinini, dawa ya malaria. Ukimeza kinini, utumbo mwembamba huifyonza sehemu kubwa, inaingia kwenye damu na kazi inaanza. Watu wengi hudhani kila kitu chenye faida ndani ya mmea hufanya vivyo hivyo. Sivyo. Polifenoli, yaani lile kundi kubwa la kemikali zinazoyapa maharagi wekundu wake, chai ukakasi wake na kahawa sehemu ya uchungu wake, hufyonzwa kidogo sana kwenye utumbo mwembamba. Makadirio ya kawaida ni asilimia 5 hadi 10. Zinazobaki huteremka mpaka utumbo mpana, na huko bakteria huzikata vipande vidogo. Vipande hivyo ndivyo vinavyopita kwenye damu na kufanya kazi mwilini.

Kwa hiyo kuna mambo mawili ya kushughulikia kwa pamoja: kemikali za mimea zifike chini zikiwa hai, na bakteria wa kuzipokea wawe wengi na wa aina nyingi. Jikoni ndiko mambo haya mawili huharibikia, mara nyingi kwa desturi ndogo tu ambazo hakuna anayezihoji: ungo wa kuchekecha unga, bikarbonati kwenye maharagi, maji ya mboga yanayomwagwa.

Mifano michache, ili hatua zinazofuata ziwe na maana. Asidi klorojeniki ya kahawa hufyonzwa theluthi moja hivi juu, theluthi mbili huenda chini kwa bakteria. Asidi feruliki ya mahindi imefungwa ndani ya pumba, na binadamu hana kimeng'enya cha kuifungua, bakteria wanacho. Elajitanini, polifenoli za mapera na fraise (stroberi), hugeuzwa kuwa urolitini, lakini si kwa kila mtu, maana si kila tumbo lina bakteria wa kazi hiyo. Ndiyo sababu watu wawili wakila tunda moja, mmoja hupata kitu ambacho mwingine hakipati.

Pamoja na polifenoli huja nyuzinyuzi. Bakteria huzichachusha na kutoa asidi fupi za mafuta: asetati, propionati na butireti. Seli zinazotandika utumbo mpana hupata takriban asilimia 70 ya nguvu zao kutoka kwa butireti. Mwaka 2015 Stephen O'Keefe wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, na wenzake walichapisha jaribio ambalo Wamarekani weusi 20 na watu 20 wa vijijini Afrika Kusini walibadilishana chakula kwa wiki mbili. Wamarekani waliokula chakula cha kijijini, chenye nyuzinyuzi nyingi na mafuta machache, walipandisha butireti yao mara mbili na nusu. Waafrika waliokula chakula cha Kimarekani walishuka hadi nusu. Wiki mbili tu. Tumbo hubadilika upesi, na hurudi nyuma upesi vilevile.

Nani asianze leo

Mwenye kuhara asubiri. Bukavu na kandokando ya ziwa kipindupindu hakiishi kabisa, na mtu anayehara maji maji anahitaji maji ya chumvi na sukari (lita 1 ya maji salama, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi) na kituo cha afya, wala si sahani ya maharagi. Mwenye ugonjwa wa figo, aliyepasuliwa tumbo hivi karibuni na aliyewahi kuziba utumbo waulize daktari kwanza. Anayemeza dawa ya kuzuia damu kuganda asiongeze mboga za majani ghafla, kwa sababu vitamini K iliyomo hubishana na dawa hiyo.

Hatua ya 1: Pima mwendo wa tumbo lako

Chemsha gunzi moja la mahindi, kula punje bila kuzitafuna mno, andika saa. Kisha angalia choo mpaka uzione. Kicheko kinaruhusiwa, lakini kipimo hiki kinatosha nyumbani na hakigharimu kitu. Punje zikitoka kati ya saa 12 na 48, mwendo ni mzuri. Zikichukua siku tatu au zaidi, chakula kinalala chini muda mrefu: bakteria wanamaliza nyuzinyuzi, kisha wanageukia protini na kutoa amonia na vitu vingine ambavyo hutaki vikae na ukuta wa utumbo. Zikitoka kabla ya saa 10 kupita, chakula kinapita bila kushughulikiwa.

Andika pia unaenda choo mara ngapi. Kati ya mara tatu kwa siku na mara tatu kwa wiki ni kawaida. Utarudia kipimo hiki mwisho wa wiki ya nne.

Hatua ya 2: Sokoni

Soko la Kadutu au la Nyawera, haijalishi. Kinachohesabika ni rangi na aina, si wingi wa kitu kimoja. Kwa mtu mmoja kwa wiki lenga hivi: maharagi makavu gramu 500, ya rangi mbili au tatu zilizochanganywa, mafungu manne au matano ya mboga za majani tofauti (sombe ya majani ya muhogo, lengalenga yaani mchicha, matembele, shu yaani kabichi), vitunguu vyekundu nusu kilo, avoka tatu au nne, mapera saba, viazi vitamu kilo moja na nusu, karanga gramu 200, kitunguu saumu vichwa viwili.

Maharagi ndiyo yanayohitaji jicho. Uliza moja kwa moja: "Mama, haya ni ya mavuno haya ao ya zamani?" Akisita, angalia mwenyewe. Maharagi mekundu au ya madoa yakikaa mahali pa joto na unyevu, ganda hugeuka kahawia iliyofifia. Polifenoli zake zimeungua kwa hewa na kushikamana na ukuta wa punje, ndiyo maana maharagi ya zamani hula makala (makaa) mengi na bado hayaivi. Ganda linalong'aa na rangi iliyo wazi ni dalili nzuri. Yenye vumbi la ukungu yaache hapo hapo, hata kwa bei ya bure. Karanga na mahindi yenye ukungu vilevile: sumu ya aflatoksini haiondoki kwa kupika.

Hatua ya 3: Maharagi

Hiki ndicho chakula kikuu cha mwongozo huu. Gramu 100 za maharagi yaliyopikwa zina takriban gramu 7 za nyuzinyuzi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau gramu 25 kwa siku kwa mtu mzima, kwa hiyo sahani ya gramu 200 inakupeleka zaidi ya nusu ya njia kabla hujagusa mboga.

Chagua, osha, kisha loweka gramu 500 kwenye lita 2 za maji kwa saa 8 hadi 12. Usiku mmoja unatosha kwa baridi ya Bukavu. Asubuhi mwaga maji hayo, suuza mara moja. Maji ya kulowekea yana sehemu ya sukari aina ya rafinosi na stakiosi, ambazo mwili wetu hauna uwezo wa kuzivunja. Bakteria huzichachusha na kutoa gesi. Ukizipunguza tumbo litatulia. Lakini usimwage na kusuuza mara nne tano kama wengine wanavyofanya. Kila maji mekundu unayomwaga yanaondoka na polifenoli, na hata hizo sukari za gesi ni chakula cha bakteria wazuri, hasa bifidobakteria. Mara moja inatosha.

Weka maji mapya, yapite maharagi kwa vidole viwili. Moto mkali mpaka yachemke kwa nguvu, na yaendelee kuchemka hivyo dakika 30 kamili kabla ya kupunguza makala. Hapa kuna sababu ya kisayansi na ya kijiografia. Maharagi mekundu yana lektini inayoleta kutapika na kuhara, nayo huharibiwa na mchemko wa kweli. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na mitaa mingi ya Bukavu iko juu zaidi, hivyo maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Dakika 10 zinazoandikwa kwenye vitabu vya watu wa pwani hazitoshi huku. Baada ya hapo punguza moto, saa moja na nusu hadi mbili. Sufuria ya presha inamaliza tatizo la mwinuko na kuokoa makala.

Wanaotumia kikapu cha kuhifadhi joto wawe makini. Kikapu ni kizuri kwa kumalizia kupika, ila maharagi yakiingizwa humo kabla ya mchemko mkali, yanakaa kwenye joto la nyuzi 70 au 80, na joto hilo halivunji lektini. Linaweza hata kuzidisha makali yake. Chemsha dakika 30 kwanza, ndipo ufunike.

Nyanya na ndimu zisiingie mapema. Asidi hukaza ganda. Subiri punje ibonyezeke kati ya vidole. Chumvi haina shida hiyo.

Bikarbonati sasa. Inalainisha haraka, na makala ni ghali, kwa hiyo hakuna wa kumlaumu mama anayeitumia. Lakini hugeuza maji kuwa ya alkali, na humo antosiyanini, zile polifenoli za rangi za ganda, hubadilika rangi kisha huharibika. Vitamini B1 pia huondoka. Mchuzi ukigeuka mweusi wa kibuluu, ndicho kinachotokea. Ikibidi, tia robo ya kijiko kidogo kwenye maji ya kulowekea, si ya kupikia, na uyamwage.

Mchuzi wa mwisho usimwage kamwe. Sehemu kubwa ya rangi iliyotoka kwenye ganda iko humo.

Hatua ya 4: Sombe, shu na ndugu zao

Sombe inastahili nafasi kubwa kwa sababu ni chakula ambacho bakteria wanaweza kukugeukia. Majani ya muhogo yana linamarini. Ikivunjwa hutoa sianidi. Jani lenyewe lina kimeng'enya, linamarasi, kinachovunja linamarini jani likipondwa. Sianidi inatoka kama hewa na kupotea, maana huchemka kwenye nyuzi 26 tu. Hiyo ndiyo hekima iliyomo ndani ya kinu.

Kosa la kawaida ni kuyatia majani maji ya moto kwanza ili yalainike na kutwanga kuwe rahisi. Joto linaua linamarasi kabla haijafanya kazi. Linamarini inabaki nzima, inapita tumboni, inafika kwa bakteria, nao wana kimeng'enya chao cha kuivunja. Sianidi inatolewa ndani yako badala ya kutolewa jikoni.

Fanya hivi. Chukua majani machanga, toa vikonyo. Twanga yakiwa mabichi mpaka yawe laini kabisa, dakika 10 au zaidi. Mashine ya sokoni inafaa mradi majani hayajachomwa kwa maji moto. Tandaza kwenye beseni na uache saa moja. Osha kwa maji mara mbili, kamua. Chemsha kwenye maji mengi bila mfuniko dakika 20 za kwanza, mvuke uondoke. Halafu funika na uendelee mpaka iive, kwa kawaida zaidi ya saa moja. Kitunguu, karanga iliyosagwa na mawese viingie mwishoni. Kula pamoja na sambaza (samaki wadogo wa ziwani), yai au maharagi: mwili huhitaji asidi za amino zenye salfa ili kuigeuza sianidi iliyobaki kuwa kitu kisicho na madhara.

Hili si jambo la nadharia. Konzo, ugonjwa unaopooza miguu, ulielezwa na daktari Giovanni Trolli mwaka 1938 katika Kwango, kusini-magharibi mwa Kongo, na umewahi kuonekana hata Kivu ya Kusini. Huwapata watu wanaoishi kwa muhogo mchungu usioandaliwa vizuri huku protini ikikosekana. Kwa unga wa muhogo usiouamini, uchanganye na maji, utandaze usizidi unene wa sentimita 1, uache saa 2 juani au saa 5 kivulini, kisha upike bugali siku hiyo hiyo.

Shu ni rahisi lakini watu huiua kwa moto. Ina glukosinolati, ambazo kimeng'enya cha shu yenyewe huzigeuza kuwa isothiosayanati jani likikatwa. Kata nyembamba, acha dakika 30 hadi 40, ndipo uitie kwenye sufuria kwa dakika 5. Ukiikata na kuitupa kwenye maji yanayochemka mara moja, kimeng'enya kinakufa. Bakteria wa utumbo wataifanya kazi hiyo, lakini kwa kiwango kidogo zaidi.

Lengalenga na matembele: maji kidogo, dakika 5 hadi 8, maji yake yanywe au yatumie kwenye mchuzi. Mwenye historia ya mawe ya figo amwage maji ya lengalenga, kwa sababu ya oksalati.

Kitunguu chekundu kimenye juu juu. Kwerisetini, polifenoli ya kitunguu, nyingi iko kwenye tabaka za nje zile zenye rangi, ambazo watu hutupa mbili tatu kwa pamoja. Kukaanga hupoteza kiasi. Kuchemsha huihamishia kwenye mchuzi, na mchuzi unaliwa, kwa hiyo hakuna hasara.

Hatua ya 5: Bugali na viazi

Unga mweupe uliochekechwa ni wanga mtupu kwa bakteria wa chini, maana karibu wote unafyonzwa juu. Badilisha taratibu: sehemu 2 za unga wa mahindi usiochekechwa, sehemu 1 ya mtama mwekundu. Kama umezoea muhogo, anza kwa kuweka robo ya mtama ndani ya unga wa muhogo. Bugali litakuwa jeusi kidogo na litashikana kwa namna nyingine. Ongeza maji kidogo na dakika 5 za kusonga. Watoto watalalamika siku tatu nne.

Viazi vilivyopikwa vikapoa hujenga wanga sugu, ambao haumeng'enywi juu na huwa chakula cha bakteria. Kwenye vitabu utaambiwa uviweke kwenye friji usiku kucha. Umeme wa huku tunaujua. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2, hasa mchele, kwa sababu ya bakteria wa sumu ambao hata kupasha moto hakuondoi sumu yao. Njia salama kwa asiye na friji: pika viazi, acha vipoe saa moja, kisha uvile hivyo hivyo. Au kula ndizi mbichi za kupika, ambazo zina wanga sugu hata kabla ya kupikwa.

Hatua ya 6: Matunda, uji na vinywaji

Mapera na ganda lake na mbegu zake, moja au mawili kwa siku: nyuzinyuzi gramu 5 hivi kwa kila gramu 100. Nusu ya avoka kubwa inaongeza nyingine 6. Marakuja usichuje mbegu. Fraise zinazouzwa msimu wake ni nzuri sana, lakini hukua karibu na udongo na huliwa bila kumenywa. Ziosheni kwa maji yaliyotibiwa, si ya bomba yaliyosimama kwenye bidoni.

Uji wa sosoma, ambao wengine huuita masoso, unakusanya soya, mtama na mahindi mahali pamoja. Vijiko vikubwa 3 vya unga kwa mililita 300 za maji, pika dakika 15 hadi 20, usizime mapema, kwa sababu soya isiyoiva huzuia mmeng'enyo wa protini. Sukari isizidi kijiko kidogo kimoja. Daidzeini, polifenoli ya soya, hugeuzwa na baadhi ya bakteria kuwa ekuoli. Ulaya na Marekani takriban asilimia 30 ya watu wanaweza hilo, Japani na Uchina asilimia 50 hadi 60.

Kahawa ya Kivu, vikombe viwili kwa siku, iliyochujwa kwa karatasi au kitambaa kizito. Isiyochujwa hubaki na mafuta yanayopandisha kolesteroli. Chai nyeusi haina ubaya isipokuwa wakati: polifenoli zake hushika chuma cha maharagi na mboga na kukizuia kuingia mwilini. Kunywa saa moja baada ya kula. Kwa mama mjamzito na wasichana waliovunja ungo hili si la hiari, maana ukosefu wa damu ni wa kawaida mno kwao. Ndimu au pera pamoja na mlo hufanya kinyume, husaidia chuma kuingia.

Mashanza, kikombe kimoja, ni nyongeza nzuri ikiwa maziwa yalichemshwa kabla ya kugandishwa. Kasiksi ina ndizi ndani yake, ndiyo, lakini pombe hulegeza ukuta wa utumbo, na haimo kwenye hesabu hii.

Hatua ya 7: Ratiba

Wiki ya kwanza badilisha kitu kimoja tu: maharagi, vijiko vikubwa 3 vilivyopikwa, mara moja kwa siku, mchana. Kunywa maji glasi 6 hadi 8. Nyuzinyuzi bila maji hukaza choo.

Wiki ya pili maharagi yafike gramu 100, na mboga za majani kila siku, aina isirudiwe siku mbili mfululizo. Wiki ya tatu ongeza pera moja na nusu ya avoka, na unga uanze kubadilika. Wiki ya nne fikia siku kamili: uji wa sosoma asubuhi, mchana maharagi gramu 200 na lengalenga gramu 100, jioni viazi vitamu gramu 200 na sombe au shu, matunda katikati. Jumla inazidi gramu 30 za nyuzinyuzi. Ukikosa kitu kimoja sokoni weka kingine cha rangi tofauti, usiruke siku.

Kinachoharibika na kwa nini

Gesi na tumbo kujaa ndilo lalamiko la kwanza, karibu kila mara siku ya tatu hadi ya saba. Umeongeza haraka kuliko bakteria wanavyozaana. Rudi nusu ya kiasi kwa siku tano, usiache kabisa. Ukiacha, unaanza upya. Kutafuna polepole na kutembea dakika 15 baada ya mlo husaidia zaidi kuliko dawa za chungu. Watu wachache wana utumbo mwepesi kuudhika, na kwao kitunguu, kitunguu saumu na maharagi huuma hata kwa kiasi kidogo. Wao waanzie mtama, viazi vitamu, karoti na mapera, kitunguu kije mwisho.

Usifanye haraka kumeza metronidazoli kwa kila mvurugo wa tumbo. Dukani utaipata bila karatasi ya daktari, na hilo ndilo tatizo. Inaua bakteria wasiopenda oksijeni, na wengi wa watengenezaji wa butireti ni wa aina hiyo. Ukishuku amiba au minyoo, fanya kipimo cha choo kwanza. Ukiandikiwa antibiotiki kwa sababu ya kweli, imalize, na ratiba irudi wiki ya pili mara tumbo linapotulia.

Vidonge vya "asili" vya chai ya kijani na vingine vinavyouzwa kwa simu viache. Kemikali iliyokamuliwa na kujazwa kwenye kapsuli haiji na nyuzinyuzi, na dozi yake ni kubwa: Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilieleza mwaka 2018 kwamba gramu 0.8 na zaidi kwa siku za katekini kuu ya chai ya kijani kutoka vidonge huhusishwa na dalili za ini kuumia. Kikombe cha chai hakikufikishi huko. Mubirizi, ule mmea mchungu wa dawa, na mizizi ya kuchemsha kwenye chungu navyo vina kemikali kali. Usivichanganye na dawa za hospitali bila kumwambia anayekutibu, na mwambie unakunywa kiasi gani.

Choo chekundu baada ya kula bitiravi (bitiruti) ni rangi ya bitiravi. Choo chekundu bila bitiravi huenda ni damu, na hapo ratiba inasimama. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo kwa homa pamoja na maumivu ya tumbo, kupungua uzito bila sababu, maumivu yanayokuamsha usiku, au tabia ya choo iliyobadilika ghafla baada ya umri wa miaka 50.

Mwisho wa wiki ya nne rudia gunzi la mahindi. Aliyeanza na siku tatu akishuka hadi siku moja na nusu, abaki na kiasi hicho hicho. Asiyeona mabadiliko aangalie vitu viwili kabla ya kuongeza chochote: maji anayokunywa, na kama unga wa nyumbani bado unapita kwenye ungo.